Mtu mliyemkamata na meno ya tembo karudi mtaani: nani kaharibu kesi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mzee. Mimi ni VGS, askari wa wanyamapori wa kijiji, huku kusini kwenye jumuiya yetu ya uhifadhi kati ya Selous na mto Ruvuma. Mwaka jana tulimfuatilia mtu porini siku tatu, tukamkamata na meno mawili ya tembo na gobole, tukamkabidhi. Wiki iliyopita mahakama imemwachia, jana nimekutana nae dukani ananiangalia tu. Watu wa wanyamapori wanasema polisi ndo waliharibu, polisi wanasema mashtaka, mashtaka wanasema ni sisi tuliomkamata. Hivi hizi taasisi zinashirikiana kweli au kila mtu na lwake? Na sisi wa chini tufanye nini?"

Marahaba kamanda. Kwanza pole sana, na nasema pole kwa moyo wote maana najua siku tatu porini maana yake nini, maji ya kugawana kwa kifuniko, hamuwashi moto usiku, mbu, na mwenzio mmoja ana homa lakini hataki kurudi. Afu unakuja kumkuta mtu dukani ananunua sigara. Nimekaa kwenye uendeshaji wa mashtaka miaka mingi na kesi za nyara, yaani meno, pembe, ngozi na nyama za wanyamapori, nimezishika nyingi, nimeshinda nyingi na nimepoteza nyingine ambazo hadi leo zinaniuma. Faili lako sijalisoma kwa hiyo sitakwambia kesi yako iliharibikia wapi hasa, ila hao wote watatu wanaosukumiana lawama, kuna uwezekano mkubwa kila mmoja ana kipande chake cha ukweli.

Angalia safari ya yale meno mawili tu. Yametoka mikononi mwenu yakaenda kambini, kambini yakapanda gari la wanyamapori, yakafika kituoni, yakaandikwa kwenye daftari la vielelezo, yakatolewa tena ili afisa wanyamapori ayapime na kuyathamini, yakarudi stoo, yakapelekwa mahakamani siku ya ushahidi. Hapo nimehesabu mikono sita, saba, na kila mikono inayopokea ni ya mwajiri tofauti na bosi tofauti. Sasa watu wakisema "ushirikiano wa taasisi" wanawaza semina, wanawaza picha ya pamoja na makubaliano yaliyosainiwa hotelini. Mimi nikisikia hilo neno nawaza zile sekunde ambazo jino linatoka mkono huu kwenda mkono ule, kuna karatasi imeandikwa au hakuna? Ushirikiano uko hapo. Kesi nyingi hazifii mahakamani, zinafia kwenye makabidhiano, mahakamani tunaenda kuzika tu.

Na huko kwenu ndo pagumu zaidi kuliko sehemu nyingi. Selous ya zamani ilikuwa pori moja, mwaka 2019 sehemu kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, iliyobaki ikaendelea kuwa Pori la Akiba Selous chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Ukishuka kusini unaingia kwenye jumuiya za vijiji kama yenu za Namtumbo na Tunduru, kuna misitu ya TFS, wakala wa misitu, kuna afisa wanyamapori wa wilaya ambaye yuko chini ya halmashauri, afu unafika Ruvuma na ng'ambo ni Msumbiji, hifadhi ya Niassa. Tembo anatembea njia hiyohiyo tangu enzi za babu zake, hajui kwamba asubuhi alikuwa wa TANAPA, mchana wa TAWA, jioni wa kijiji na keshokutwa wa nchi nyingine. Jangili anajua vizuri sana! Anajua doria ya huyu inaishia kwenye korongo lile na ya yule inaanzia ng'ambo, na katikati hapana mwenyewe.

Tulishalipa gharama ya huo mwanya. Sensa ya mwaka 2009 ilionyesha Tanzania ina tembo 109,051, ilipofika 2014 wakahesabiwa 43,330. Miaka mitano tu. Ikolojia ya Selous peke yake mwaka 2013 walibaki 13,084. Kipimo cha vinasaba cha meno yaliyokamatwa sehemu mbalimbali za dunia, kazi ya Samuel Wasser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington iliyotoka mwaka 2015, kilionyesha kwamba meno mengi ya tembo wa savana kwenye shehena kubwa za miaka ile yalitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Yaani hapo ulipokaa wewe. Na usidhani askari hawakuwepo, walikuwepo na wengine walikufa kazini, ila polisi alikuwa na majina yake kwenye daftari lake, mtu wa wanyamapori ana yake, bandarini wana yao, na hakuna aliyeyaweka mezani pamoja.

Serikali ikaja na Operesheni Tokomeza, Oktoba 2013. Ukiangalia kwa juu ule ulikuwa ushirikiano mkubwa kabisa, jeshi, polisi, askari wa wanyamapori, wote porini na vijijini kwa pamoja. Haikufika mwezi, ikasimamishwa, kwa sababu raia waliuawa, watu waliteswa, mifugo ilipigwa risasi, Kamati ya Bunge chini ya James Lembeli ikachunguza na mwezi Desemba mawaziri wanne wakaondoka. Nakwambia hili kwa sababu kuna vijana wanadhani tukijumlisha bunduki za taasisi zote basi ujangili umekwisha. Tulijumlisha bunduki bila kujumlisha taarifa. Na kilichouma zaidi, wanakijiji waliokuwa wanatuletea habari kwa siri walifunga midomo, maana nani atakupigia simu usiku kama anaogopa utamjia yeye? Kuna maeneo ilichukua miaka kurudisha ule uaminifu, na nadhani kwingine haujarudi mpaka leo.

Kilichofanya kazi kilikuja baadae na kilikuwa kidogo kwa idadi ya watu. Kikawepo kikosi kazi cha kitaifa, polisi, usalama, wanyamapori na wengine wamekaa chini ya paa moja wanafanyia kazi faili moja. Walianza na mtu wa porini ila hawakuishia nae. Huyu mwenye gobole anampigia nani simu? Yule nae anamtumia nani hela? Gari la nani linakuja kubeba? Wakapanda ngazi polepole mpaka Oktoba 2015 akafikishwa mahakamani Yang Fenglan, mama wa Kichina aliyekuwa anajua Kiswahili vizuri kabisa, alikuja nchini miaka ya 1970 kama mkalimani wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, akawa na mgahawa Dar. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ikampa miaka 15 pamoja na Watanzania wawili, kesi ya vipande 860 vya meno vyenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 13. Angalia tarehe hizo vizuri: kukamatwa 2015, hukumu 2019. Kesi ya namna hiyo inataka watu wakae pamoja miaka minne bila kusambaratika, bila mmoja kuhamishwa na faili lake kichwani.

Na ujue hao wa juu hawabebi meno kwa pikipiki. Agosti 2011 bandari ya Zanzibar yalikamatwa meno 1,041 yamefukiwa chini ya dagaa, kontena linaenda Malaysia. Novemba 2013 nyumba moja Mikocheni, Dar, yakakutwa meno 706, mengine yamechanganywa na vitunguu saumu, na waliokamatwa wakajaribu kuwahonga maaskari, hongo nayo ikaongezwa kuwa kosa. Dagaa na kitunguu saumu ni kwa ajili ya harufu, ili mbwa wa kunusa achanganyikiwe. Sasa niambie, askari wa doria wa Tunduru anaweza kujua nini kuhusu kontena la dagaa? Hakuna. Hapo anatakiwa mtu wa forodha wa TRA, mtu wa bandari, anayesoma karatasi za mzigo na kujiuliza mbona kampuni hii imesajiliwa juzi na tayari inasafirisha dagaa kwenda nchi ambayo haijawahi kununua dagaa zetu. Lakini huyo wa forodha nae hawezi kulijua kontena bila jina lililoanzia kwenye simu ya mtu mliyemkamata ninyi porini. Simu ile! Mkikamata mtu msiishie kwenye gobole na meno, simu ni kielelezo pengine kikubwa kuliko jino, msiipekue wenyewe, msipige namba zilizomo, iandikeni kwenye hati, ikabidhiwe kama ilivyo, wapo wataalamu wa kuifungua.

Wasser na wenzake waligundua kitu kingine mwaka 2018 ambacho huwa nakisimulia kila nikikaa na vijana. Tembo ana meno mawili, wakakuta mara nyingi jino moja la tembo liko kwenye shehena hii na mwenzie wa tembo huyohuyo yuko kwenye shehena nyingine kabisa iliyokamatwa kwa wakati tofauti, na shehena hizo mbili zilipitia bandari ileile ndani ya miezi michache. Kwa hiyo wanaofungasha ni walewale, wakawaunganisha kwenye mitandao mitatu mikubwa, wa Mombasa, wa Entebbe na wa Lomé kule Togo. Shehena moja ikikamatwa Asia na vipimo havikurudi Afrika, mtu anahukumiwa kwa shehena moja tu kumbe kafungasha kumi. Ndo maana nchi ikikamata meno na kuyafungia stoo bila kutoa sampuli, mimi huwa naumia kama vile faili limechomwa moto.

Turudi kwenye kesi yako maana ndo ulichouliza. Kuna sehemu nne ambazo nimeona kesi za nyara zikianguka, na zote ni sehemu taasisi mbili zinapogusana.

Ya kwanza ni huo mnyororo wa kielelezo. Mahakama ya Rufani kwenye rufaa namba 110 ya mwaka 2007, ambayo hata haikuwa ya wanyama, ilisema lazima kuwe na kumbukumbu inayoonyesha hatua kwa hatua kitu kilikamatwa wapi, kikashikwa na nani, kikahamia kwa nani, mpaka kinafika mahakamani. Baadae mahakama ikalegeza kidogo kwamba kuna vitu haviwezi kubadilishwa kirahisi, na meno ya tembo yamewahi kuhesabiwa humo, siyo kama unga wa dawa za kulevya, kwa hiyo karatasi moja ikikosekana siyo lazima kesi ife. Ila usitegemee huruma hiyo. Wakili mzuri atamuuliza shahidi wako: jino hili unalijuaje kuwa ndilo? Kama hukuweka alama, hukupima urefu, hukuandika lina ufa upande gani, utajibu nini? "Nalikumbuka"? Hakimu ataandika hivohivo ulivyosema na utalisoma kwenye hukumu.

Ya pili ni hati ya ukamataji. Ijazwe palepale, siyo kambini kesho yake, mtuhumiwa asaini, na kama kuna raia karibu awe shahidi huru, mwenyekiti wa kitongoji, mrina asali, mvuvi, yeyote asiye mwenzenu. Najua porini hakuna watu, basi andikeni kwamba hapakuwa na watu na ni kwa nini. Nimeshapoteza kesi moja kwa sababu hati ilisema meno mawili na maelezo ya askari yakasema vipande vitatu, jino moja lilikuwa limepasuka, mmoja kahesabu meno na mwingine kahesabu vipande, wote wakweli, na mtu akaenda nyumbani kwake.

Ya tatu ni hati ya thamani ya nyara. Hii lazima itolewe na afisa ambaye sheria inamtambua kwa kazi hiyo, akisaini mtu wa cheo kingine kwa sababu tu ndo alikuwepo siku hiyo, mahakama inaiweka pembeni. Na kama ni nyamapori, inayooza, polisi wanakimbilia kwa hakimu kuomba amri iteketezwe, sawa, lakini mtuhumiwa lazima apelekwe mbele ya hakimu, aione nyama na apewe nafasi ya kusema. Kesi nyingi sana za nyama zimefutwa kwenye rufaa kwa sababu fomu ilisainiwa bila yeye kuwepo. Ni kitu cha nusu saa jamani! Gari lilikuwepo, mtu alikuwepo mahabusu, hakuna aliyekumbuka kumpandisha.

Ya nne haikuhusu wewe kabisa. Kesi za nyara zinaingia kwenye sheria ya uhujumu uchumi, kwa hiyo kabla mahakama ya chini haijasikiliza lazima kuwe na kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka na hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka. Hati ikikosewa kifungu, au ikisainiwa na asiye na madaraka hayo, kesi nzima inakuwa kama haikuwahi kusikilizwa hata kama ushahidi ulikuwa wa moto. Kwa hiyo wakikwambia "ninyi wa chini mliharibu", waulize kwa adabu hukumu imesema nini. Omba nakala kupitia uongozi wa jumuiya yenu. Hukumu ni ya wazi, na ni somo zuri kuliko semina yoyote, hakimu kakuandikia kabisa sababu zake kwa namba.

Umeuliza zinashirikiana kweli. Jibu langu ni kwamba wanaoshirikiana ni watu wanaoaminiana, afu taasisi zinafuata nyuma. Kuna sababu mbili zinazowafanya wafichane. Moja ni sifa, nani apige picha na meno, takwimu ziende kwenye ripoti ya nani, na hii naichukia waziwazi maana imeua kesi nzuri. Nyingine ni ya haki kabisa, ni hofu ya kuvuja. Ukishampa taarifa mtu mwenye ndugu kwenye mtandao, operesheni imeisha na mtoa habari wako yuko hatarini. Kwa hiyo simlaumu mkuu wa doria anayebana taarifa, namlaumu anayebana milele. Dawa niliyoona inafanya kazi ni kuwa na mtu mmoja anayejulikana kila upande, mmoja wa polisi, mmoja wa wanyamapori, mmoja wa mashtaka, wana namba za simu za kila mmoja, na yule wa mashtaka anapigiwa SIKU ILEILE ya ukamataji siyo miezi sita baadae faili limeshakauka. Mwendesha mashtaka akiwepo mapema anasema "rudini mkapime lile jino", "mrudisheni aoneshe alipoficha", bado muda upo.

Mipakani nako ni hivohivo. Tuna Makubaliano ya Lusaka tangu 1994, kikosi kazi chake kipo Nairobi tangu 1999, Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia zote wanachama, ni chombo chetu wenyewe cha Kiafrika na watu wengi hawajui hata kama kipo. Kuna mfanyabiashara mmoja wa Mombasa alitafutwa kwa shehena ya zaidi ya tani mbili, akakamatwa Dar Desemba 2014 kwa msaada wa Interpol, akarudishwa Kenya, mwaka 2016 akapewa miaka 20, tukafurahi wote. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachia, ushahidi haukutosha kumuunganisha na ile shehena. Umeona? Mpaka wameuvuka vizuri, wakakwama kwenye ushahidi. Kwa upande mwingine Moazu Kromah, raia wa Liberia aliyekuwa anaishi Kampala, alikamatwa mwaka 2017, wachunguzi wa Uganda na wa Marekani wakafanya kazi pamoja, 2019 akapelekwa New York, akakiri mwenyewe, 2022 akahukumiwa miezi 63. Miezi hiyo ni michache kwa maoni yangu. Lakini pembe za faru alizokuwa anauza zilifichwa ndani ya vinyago, na walioshirikiana nae walikamatwa Senegal na Mombasa, hakuna nchi moja ambayo ingeweza kuwafikia wote peke yake.

Sasa ninyi wa chini. Daftari, kalamu isiyofutika na maji, tepu ya kupimia, na simu yenye GPS hata kama ni ya mtu mmoja tu kwenye kundi. Kila doria mwandishi awe mmoja, aandike saa. Picha zipigwe kabla ya kugusa kitu. Mtuhumiwa asipigwe, tafadhali sana, siyo tu kwa sababu ni haki yake, hata maelezo yake ya kukiri yatakataliwa na ninyi mtageuka washitakiwa. Mkikabidhi, dai saini ya anayepokea na mbaki na nakala yenu, hata kama ni afande mwenye nyota begani na anakukazia macho. Na mjiandae kuitwa mahakamani, nauli isipokuja mpigieni mwendesha mashtaka kabla ya tarehe siyo baada, maana shahidi asipofika tena na tena hakimu hana namna.

Kuhusu huyo mtu kukuangalia dukani, usilichukulie jepesi. Wayne Lotter, mwanzilishi mwenza wa PAMS, shirika la uhifadhi ambalo liliwasaidia sana VGS wa huko kwenu na kile kikosi kazi, aliuawa Dar Agosti 2017. Sisemi hivi kukutisha. Mwambie mwenyekiti wa jumuiya na mkuu wa doria leo, iandikwe, usitembee peke yako usiku, na usijibizane nae wala kumtumia ujumbe wa aina yoyote.

La mwisho na la haraka. Ulizia ameachiwa kwa namna gani. Kama shtaka liliondolewa tu, anaweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile mapengo yakishazibwa. Kama hukumu imesema hana hatia, mwenye haki ya kukata rufaa ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na taarifa ya nia ya kukata rufaa inatakiwa ndani ya siku 30. Umesema ni wiki iliyopita. Nenda na mwenyekiti wenu kesho asubuhi ofisi ya mashtaka ya mkoa, mbebe lile daftari la doria, muulize kama kuna mtu ameshaisoma ile hukumu.